Mama Alipokaa Benchi la Nyuma

Mama yangu alikuwa amekwisha kulitangazia soko zima la Kashikishi, kwetu kando ya ziwa, kwamba binti yake amemaliza chuo kikuu na anarudi na kazi kubwa. Kazi yenyewe hakuijua, kwa hiyo kila aliyeuliza alipewa jibu lake. Wauza chumvi waliambiwa nitakaa ofisini Lusaka. Mwanamke wa meza ya jirani, aliyeuza samaki wa moshi kama yeye, aliambiwa nitapelekwa Ulaya kutafsiri maneno ya wakubwa. Niliposhuka kwenye basi asubuhi moja ya mwezi wa tano, sanduku mkononi na kikapu begani, watu walinisalimia kwa kupiga magoti kidogo na kupiga makofi ya heshima, nami nikashindwa kuelewa nimefanya nini.

Jioni ile, jikoni nyuma ya nyumba, nilimweleza mama mambo yalivyo. Shahada ya kwanza nilikuwa nimeipata kweli. Lakini serikali iliyonisomesha ilikuwa imenipangia ualimu wa sekondari, na kabla ya kuajiriwa nilitakiwa kurudi chuoni mwaka mmoja zaidi kujifunza kufundisha. Muhula ule nilikuwa nimeletwa kufanya mazoezi kwenye shule ya sekondari ya Nchelenge, mwendo wa miguu kutoka kwetu. Ningefundisha Kifaransa chini ya mwalimu mzoefu, na mwishoni mhadhiri wangu angekuja kutoka Lusaka kuniangalia na kunipa alama.

Mama alisikiliza mpaka mwisho huku akisonga bukari, ugali wetu wa muhogo. Mwiko haukusimama hata mara moja.

"Umesoma ile Kifaransa miaka yote," alisema. "Sasa uko nasoma tena namna ya kuisema mbele ya batoto?"

"Namna ya kuifundisha, mama."

"Mutu akijua kintu, si anakisema tu?"

Hata mimi niliamini hivyohivyo. Ule mwaka wa ualimu niliuona kama mto usio na daraja: lazima uvuke, ulowe kidogo, ujikaushe na kuendelea na safari. Kifaransa nilikijua. Nilikuwa nimekisoma kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe yalianza kwa mama. Alizaliwa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa letu, akavuka na mizigo ya biashara akiwa msichana, akaolewa na mvuvi wa upande wetu, akabaki. Baba alifariki nikiwa bado shule ya sekondari. Nje tuliongea Kibemba kama watu wote, shuleni Kiingereza, lakini ndani ya nyumba ilikuwa Kiswahili cha ng'ambo, na ndani ya Kiswahili hicho mama alitia maneno ya Kifaransa kama mtu anavyotia pilipili. Nchi ya kwao ilikuwa tayari inaitwa Zaire, yeye akaendelea kusema Kongo. Alidai anajua Kifaransa. Nilipokwenda chuo kikuu na kukisoma ndipo nilipogundua kwamba Kifaransa cha mama kingeenea kwenye kiganja.

Mwalimu niliyekabidhiwa kwake alikuwa naye mtu wa ng'ambo. Alikuwa amefundisha Lubumbashi enzi za Wabelgiji, akahamia kwetu wakati wa vurugu za miaka ya sitini. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na watoto wake walikuwa watu wazima wanaofanya kazi migodini. Kichwa alikinyoa chote, na tai hakuivua hata siku za jua kali. Siku ya kwanza nilipojitambulisha mlangoni mwa darasa, aliwageukia wanafunzi na kuwaambia kwamba huyu ni mwalimu wao mpya, wamsikilize. Hakusema mwanachuo, wala mwanagenzi. Kisha akaenda kuketi nyuma kabisa kwenye benchi lililobaki tupu, akakunja mikono na kufumba macho.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa njia ya kisasa. Mwalimu wa Kifaransa asiseme neno la lugha nyingine darasani. Aonyeshe picha, acheze kanda ya sauti, aseme, wanafunzi warudie, na maana itaingia yenyewe. Kikapu changu kilijaa kanda hizo na picha za familia moja ya Paris: baba mwenye kofia, mama mwenye mbwa aliyefungwa kamba, watoto wawili wanaocheza kwenye theluji. Betri za kinasa sauti zilikufa kabla sijamaliza kanda ya kwanza, na sokoni betri kama zile hazikuwapo wiki ile. Nikabaki na picha na mdomo wangu.

Nilisema. Nilisema kwa matamshi mazuri ambayo mhadhiri wangu alikuwa ameyasifu. Niliandika kitenzi cha kuwa na kitu, katika nafsi zote, kwa mwandiko ulionyooka. Nilipouliza swali, darasa lilinyamaza. Nikauliza tena, likanyamaza zaidi, na ukimya wa watoto wanaokuheshimu ni mzito kuliko ule wa watoto wakorofi. Niliona aibu, na kwa sababu ya aibu nikaugeukia ubao na kuendelea kuandika. Kengele ilipolia nilikuwa nimejaza ubao wote na sikumbuki kama nilikuwa nimemtazama mtu hata mmoja usoni.

Mwalimu wa nyuma alifumbua macho. Alingoja wanafunzi watoke, akaja mbele, akausoma ubao wote taratibu kana kwamba alikuwa na nia ya kuujifunza.

"Umefundisha ubao vizuri sana," alisema. "Kesho jaribu batoto."

Alisema kwa upole, na hakuongeza neno. Njiani kurudi Kashikishi nilivua viatu kwa ajili ya mchanga, nikatembea huku nikilia kidogo, nikinyamaza kila nilipokutana na watu wanaonijua, ambao walikuwa wengi.

Nyumbani nikaanza kufanya mazoezi uani. Mama alikuwa na kichanja chake cha kukaushia samaki, na jioni aliwageuza pale, wale samaki wapana wa ziwa letu, juu ya moto mdogo wa moshi mwingi. Mimi nilisimama upande usio na moshi, nikazungumza na ukuta wa jikoni. Siku ya pili au ya tatu nikasikia sauti nyuma yangu inarudia ninayosema. Nilipogeuka, mama alikuwa anageuza samaki kama kawaida, macho kwenye kichanja.

Nikamwonyesha picha ya familia ya Paris. Kwanza alitaka kujua kwa nini yule mwanamke ameshikana na mbwa kwa kamba, na kama mbwa ni wa wizi. Baadaye akaanza kurudia. Nilimfundisha kusema jina lake, anakotoka, anachouza. Alipokosea nilimsahihisha mara moja, kama nilivyosahihishwa mimi chuoni. Alipokosea tena, nikamsahihisha tena. Jioni moja alinyamaza katikati ya sentensi, akachukua kisu chake na kuanza kupasua samaki ambao walikuwa wamekwisha kupasuliwa.

Nilimwuliza kama amechoka.

"Sijachoka," alisema. "Nikikosa, uko naniangalia kama mutu aliyemwaga mafuta yako. Basi nanyamaza. Nikinyamaza siwezi kumwaga."

Usiku ule, nikiwa nimelala kwenye kitanda changu cha utotoni, niliziona tena sura za darasa langu na nikaelewa ule ukimya. Kesho yake, mama alipokosea, nilijilazimisha kwanza kufurahia kwamba amesema. Nilimjibu kama vile amesema sawa, na ndani ya jibu langu nikaweka neno lililonyooka ili alisikie. Haikuwa rahisi. Uso wangu ulikuwa na mazoea yake, na mama aliusoma vizuri kuliko kitabu. Alinicheka akasema leo mafuta yamemwagika kidogo tu.

Darasani nikapiga hatua, ila ndogo. Wachache walianza kujibu, kwa sauti ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mwalimu wangu alikuwa bado anafumba macho kwenye benchi lake, lakini nilianza kuona kwamba mdomo wake unacheza.

Ndipo mama aliponiambia kwamba anataka kuja kuona. Hakuomba hasa. Alisema Alhamisi samaki wanakuwa wachache sokoni, meza anaweza kumwachia jirani, na yeye hajawahi kuingia ndani ya darasa tangu azaliwe, amezoea kuishia langoni na karo. Nilimjibu kwamba nitamwuliza mwalimu, nikitumaini atakataa. Mwalimu alifikiri kidogo, akasema benchi lake ni refu.

Alhamisi hiyo mama alivaa kitenge chake cha sikukuu, kile cha rangi ya zambarau chenye ndege, na kilemba cha namna hiyohiyo. Aliingia baada ya kengele, akatusalimu wote kwa Kibemba, darasa likasimama lote na kuitikia. Nusu ya watoto wale walimjua, mama zao walinunua kwake. Mwalimu wangu alinyanyuka, akatoa leso mfukoni, akapangusa upande wa pili wa benchi, akamkaribisha kwa mkono. Wakaketi, baina yao nafasi ya kutosha mtu wa tatu.

Somo la siku ile lilikuwa juu ya njaa, kiu na baridi. Kwa Kifaransa, kama kwa Kiswahili, mtu husema ana njaa, ana kiu, na hilo nilitaka walione. Nilijishika tumbo, nikasema sentensi ya njaa mara kadhaa, kisha nikauliza nani mwenye njaa. Ukimya. Nikauliza tena. Nyuma kabisa mkono ukanyooka, wenye bangili.

Mama alisimama. Alijishika tumbo kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kuita wateja: "Zhe famu!"

Sasa, neno la njaa na neno la mke kwa Kifaransa yamekaribiana, na ulimi wa mama ulikuwa umekwenda kwa jirani. Alikuwa ametangaza kwa uchungu mkubwa, akiwa ameshika tumbo, kwamba ana mke.

Maneno hayo mawili wanafunzi waliyajua yote, nilikuwa nimewapa la mke wiki iliyopita kwenye ile familia ya Paris. Ilipita sekunde moja ya kuogopa. Kisha mvulana mmoja alitoa sauti kama ya mtu anayezuia chafya, na darasa zima likapasuka. Niliogopa kumtazama mama. Nilipomtazama, alikuwa anacheka kuliko wote, ameshika bega la mwalimu wangu ili asianguke, akimwuliza amesema nini, amesema nini. Mwalimu alimnong'oneza. Mama akakaa chini, akajifunika uso na ncha ya kilemba, mabega yakitikisika.

Halafu mikono ikanyooka, kwanza mitatu, kisha darasa zima. Kila mtu alitaka kumwambia mama namna sahihi ya kuwa na njaa. Walisema, wakakosea, wakacheka, wakasema tena. Hakuna aliyeogopa, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kukosea zaidi ya mtu mzima aliyesema ana mke. Kengele ilipolia nilishangaa. Ubao ulikuwa na maneno matano tu.

Mama akawa mwanafunzi wa Alhamisi. Alikuja na kitenge chake, akanyoosha mkono kwa kila swali, akakosea mengi na kupatia machache, na alipopatia darasa lilimpigia makofi ya Kibemba, yale ya viganja vilivyokunjwa. Wanafunzi walizoea kumngoja langoni. Nilianza kuona mambo madogo kwenye benchi la nyuma. Mwalimu hakufumba macho siku za Alhamisi. Alileta karanga za kuchemsha kwenye karatasi na kuziweka katikati, na ile nafasi ya mtu wa tatu ikawa nafasi ya karanga. Siku moja nilimkuta anamweleza mama, kwa Kiswahili chao cha kwao, tofauti ya neno la kiume na la kike, na kwa nini meza ni mwanamke. Mama alimwambia meza yake ya sokoni ndiyo, ina tabia za mwanamke, lakini kisu ni mwanamume kabisa. Mwalimu alisema kweli, na Wafaransa nao wanakubali. Waliongea hivyo mpaka nikamaliza kufuta ubao na kukusanya picha zangu, na hawakuona kwamba ninawasubiri.

Wiki mbili kabla ya mhadhiri kuja, mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwema mwenye hofu nyingi. Alisema amesikia kwamba kuna mzazi anayeketi darasani, naye hakupinga kwa sababu ya heshima kwa mwalimu wangu. Lakini chuo kikuu kikimkuta muuza samaki kwenye benchi la wanafunzi, kitafikiri shule haina utaratibu. Akaomba mama asije tena mpaka ukaguzi upite. Niliona kwamba hana nia mbaya, na niliona pia kwamba mimi ndiye nitakayepeleka habari.

Nilimwambia mama wakati tunakula. Nilizunguka sana. Nilisema ni utaratibu tu, ni siku chache, ni kwa ajili ya alama zangu. Mama aliendelea kula mpaka akamaliza tonge lake.

"Njo vile," alisema, namna ya kwao ya kusema ndivyo ilivyo. "Soko nayo iko na mageti yake."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Siku mbili baadaye alifunga mizigo yake ya samaki wa moshi, akapanda boti ya wafanyabiashara kwenda Kilwa kuuza na kuwaona kaka zake. Alisema atakaa mpaka mambo yangu yaishe, kwa sababu akiwa Kashikishi siku ya Alhamisi miguu itampeleka shuleni yenyewe. Nilimsindikiza pwani. Boti iliposukumwa alinipungia mkono na kunigeuzia mgongo haraka, akajishughulisha na kufunika mizigo.

Alhamisi ya kwanza bila yeye wanafunzi waliuliza yuko wapi. Mwalimu wangu hakuuliza. Alileta karanga, akaziweka mahali pake, na kengele ilipolia akazirudisha mfukoni.

Mhadhiri alifika kwa gari la serikali kutoka Mansa, mji mkuu wa mkoa wetu, alikolala njiani, mwanamke wa Kizungu, mrefu, aliyefundisha nchi nyingi na kuchoka katika zote. Alinisalimu vizuri, akaenda kuketi kwenye benchi la nyuma, pale pale pa mama, akafungua faili lake magotini. Mkuu wa shule alisimama kidogo mlangoni na kuondoka. Nilianza.

Darasa lilikuwa limekufa. Watoto waliokuwa wakigombania kusema sasa walikaa wima, mikono juu ya dawati, wakimtazama yule mgeni kwa pembe za macho. Niliuliza swali rahisi nikapata minong'ono miwili. Nikauliza jingine, nikapata macho. Nilihisi mwili wangu unaanza kugeuka polepole kuelekea ubaoni, kama mmea unavyotafuta jua, na nikamwona mwalimu wangu kule nyuma anakunja mikono tayari kufumba macho.

Sikupanga nilichofanya. Nilishika tumbo langu kwa mikono miwili, nikakunja uso kwa uchungu, nikasema kwa sauti kubwa ya sokoni kwamba nina mke.

Msichana wa dawati la mbele, aliyekuwa mpole kuliko wote, aliweka kalamu chini, akaniambia kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa: "Hapana, madamu. Una njaa." Nikamwuliza, kwa Kifaransa, ana hakika? Mvulana mwingine akasema mke nitampata wapi, mimi ni mwanamke. Alikisema vibaya lakini alikisema, na nikamjibu, naye mwingine akamjibu, na darasa likarudi kwangu. Tulikwenda mpaka kengele. Waliulizana wao kwa wao nani ana kiu na nani ana baridi, na mmoja alimwuliza mhadhiri mwenyewe kama ana njaa. Mhadhiri alifunga faili akasema anayo, tangu Mansa.

Baadaye tulikaa chini ya veranda ya ofisi, mimi naye. Aliongea kuhusu ubao wangu, kuhusu muda, kuhusu mwanafunzi mmoja wa kushoto ambaye nilikuwa nimemsahau. Yote yalikuwa kweli. Kisha akauliza kama lile kosa langu la mwanzo lilikuwa kosa au njia. Nilimwambia nimelirithi. Alinitazama kidogo, labda akifikiri Kiingereza changu kimeteleza, nikamweleza habari za mama. Alisikiliza na kuuliza yuko wapi. Nikasema amevuka ziwa kwa sababu tuliona hafai kuonekana. Mhadhiri akasema angependa kukaa naye benchi moja. Alinipa alama nzuri, si za juu sana.

Mama alirudi Jumamosi. Nilikuwa pwani kabla boti haijagusa mchanga. Alikuwa amenunua vitenge na sabuni, na sura yake ilikuwa nyeusi kwa jua la majini. Aliniuliza jambo moja kabla hata ya kuteremka.

"Walijibu?"

"Walijibu, mama."

"Wote?"

"Karibu wote."

Akanipa mkono nimsaidie kushuka. Mizigo ikiwa mchangani nilimweleza kila kitu, pamoja na alivyosema mhadhiri, na pamoja na kwamba nilikuwa nimesema nina mke mbele ya Mzungu wa chuo kikuu. Alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo wa sabuni. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza, naye akanikatiza akisema nibebe kile kikubwa, yeye ana mgongo.

Alhamisi zilizobaki za muhula alirudi benchini. Mkuu wa shule alipita dirishani siku moja, akamwona, akainamisha kichwa kidogo kumsalimu na kuendelea na njia yake. Siku yangu ya mwisho wanafunzi waliniimbia wimbo wa kuaga ambao walikuwa wameutafsiri wenyewe. Makosa yalikuwa kila mstari, na sikusahihisha hata moja. Mwalimu wangu alinipa mkono akasema sasa ninaweza kufundisha bila mtu wa kufumba macho nyuma yangu. Nikarudi Lusaka kumaliza mwaka.

Nilipata cheti, nikapangiwa shule huko Kopabelti, kwenye miji ya migodi ya shaba, mbali na ziwa. Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa mgumu kama wa kila mwalimu. Wanafunzi wa mjini hawakunyamaza kwa heshima, hawakunyamaza kabisa, na ilinibidi nijifunze upya mambo mengi niliyodhani ninayajua. Mama hakujua kuandika. Habari zake nilizipata kwa madereva wa malori ya samaki: yuko salama, anakusalimu, anasema ule vizuri.

Likizo ya mwezi wa nne nilikwenda nyumbani. Niliingia uani kwa nyuma, kupitia jikoni, kama nilivyozoea. Kichanja kilikuwa kinatoa moshi, na kwenye kamba ya nguo, mbali kidogo na moshi, zilianikwa mashati meupe ya kiume, na tai mbili.

Nilisimama nikizitazama. Mama alitoka jikoni, akafuata macho yangu, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Mwalimu anakaa hapa sasa," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua kubwa." Aligeuza samaki mmoja kwenye kichanja. "Alikataa watu wakuambie. Alisema maneno kama yale haiwezi kupanda lori ya samaki."

Kumbe baada ya mimi kuondoka, mama hakuacha kwenda shuleni. Darasa lilirudi kwa mwalimu wake, naye sasa akawa mbele, na mama akabaki peke yake kwenye benchi la nyuma, Alhamisi baada ya Alhamisi, mpaka mwalimu akaona afadhali amtafutie mahali pengine pa kukaa. Hakutuma mtu. Alivuka naye ziwa mwenyewe kwenda Kilwa kujieleza kwa kaka zake, yeye aliyekuwa anaogopa maji maisha yake yote. Alitapika kutoka pwani hii mpaka pwani ile. Wajomba zangu walimwona anashuka kwenye boti, tai shingoni, amepauka, ameshikwa mikono huku na huku, wakadhani mama amewaletea mgonjwa.

Mwalimu alirudi jioni kutoka shuleni, alikokuwa akimalizia kusahihisha mitihani ya muhula, akanikuta nimeketi kwenye kigoda. Alivua kofia. Alibaki amesimama mbele yangu, mtu aliyenifundisha kazi yangu, akikunja na kukunjua ukingo wa kofia ile.

"Nimeoa mama yako," alisema. "Wajomba walikubali. Lakini wewe njo mutoto wake. Kama uko na neno, ulitoe sasa, nitalisikia."

Nilisimama nikampokea mkoba wake, kama mtoto anavyompokea baba mkoba, nikauingiza ndani. Niliporudi alikuwa amekaa, anapangusa macho kwa ile leso yake na kulaumu moshi. Mama alisema moshi leo unaelekea ziwani, akaweka bukari chini, akatuambia tunawe mikono.

Tulikula. Mwalimu alisimulia mwenyewe habari za safari ya Kilwa, tapiko kwa tapiko, na mama alimkatiza kila mara kwa sababu mwalimu alikuwa anapunguza idadi. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Tuliondoka mapema wote watatu. Mama alitangulia akiongea na watu wa kila nyumba, na mimi nilifuata na mzani wake. Nyuma yangu alikuja mwalimu, tai imenyooka, kapu la samaki wa moshi kichwani, akilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeanza kazi juzi.